Mkaa na Chumvi Chini ya Mlingoti

Harufu ya mkaa uliolowa maji bado hunifanya nigeuke kuangalia nani anachimba. Wenzangu mvua ikikaribia hunusa vumbi na majani ya migomba. Mimi hunusa mkaa, hata mahali ambapo hakuna mkaa. Watoto wangu hunicheka, husema mama yao anashuku hata kivuli chake, nami sibishani nao kwa sababu ni kweli. Mtu nisiyeelewana naye akiniletea mkungu wa ndizi, nashukuru kwanza, kisha nauliza umekatwa mgomba gani. Sikuzaliwa hivi. Nilifundwa kushuku katika msimu mmoja tu, kuanzia kiangazi hadi mvua za vuli, kwetu Kagoma katika Muleba, miaka ile ya ujamaa ambapo kila mkutano ulituambia tuishi kama ndugu, na kabla haujafungwa ulituonya kwamba adui yuko miongoni mwetu. Mtoto akiambiwa mambo hayo mawili kwa pumzi moja, huanza kuwatazama ndugu zake kwa makini zaidi.

Baba yangu alikuwa fundi wa redio katika meli ya mizigo iliyokuwa ikitia nanga Kemondo. Kazi yake ilikuwa kupokea na kutuma habari kwa vidole, kwa ile milio mifupi na mirefu inayosimama badala ya herufi. Wanaume wengine walioacha kazi za mbali walirudi na cherehani au baiskeli; yeye alirudi na masanduku ya redio, akayapanga chumba cha mbele, akapata kibali cha serikali, kisha akasimamisha mlingoti wa mabomba ya chuma nyuma ya nyumba, mrefu kupita mti wowote uliokuwa kibanjani. Kibanja kwetu si shamba tu. Ni migomba na mibuni inayoizunguka nyumba, na ndani yake wamelala waliotutangulia, kwa hiyo mtu akikiharibu kibanja chako amewagusa walio hai na waliokufa. Kutoka kwenye mlingoti ule Baba aliongea na watu wa Finlandi na Japani, watu asiowajua sura, wasiomuuzia kitu wala kununua kwake. Waliongea nini? Niliwahi kumuuliza. Akaniambia alikuwa amemuuliza Mjapani mmoja kama kwao kunanyesha, na Mjapani amejibu kwamba kunanyesha kidogo. Basi, hayo tu. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi na nilimpenda baba yangu, lakini jibu lile halikuniingia akilini, na kama mimi halikuniingia, nani kijijini lingemwingia?

Kilichotuponza hata hivyo si mlingoti, ni ardhi. Milima yetu hupigwa sana na radi, na Baba alijua kwamba chuma kirefu namna ile ni kama kidole kinachoiita. Kiangazi kile akaanza kuchimba. Alichimba mashimo kuuzunguka mguu wa mlingoti, kisha mtaro mrefu ulioteremka hadi kwenye udongo laini karibu na kaburi la babu, hatua chache kutoka safu ya milamula, ile mimea ya mpakani, ambayo ng'ambo yake ni kwa jirani. Asingeweza kuchimba kwingine, kwa sababu kwingine kote kulikuwa na mwamba na jembe lilitoa cheche. Kwenye mtaro alilaza waya mnene wa shaba, bila kuukunja kona kali, akisema radi haipendi kona. Kwenye kila shimo alisimamisha fimbo ya shaba, akaizungushia mkaa uliopondwa na chumvi ya mawe, akafukia. Mkaa hushika unyevu, alinieleza, na chumvi huusaidia udongo kuipitisha radi. Udongo ukikauka sana, njia inaziba. Kwa hiyo alimwomba Mama kila jioni amwage pale maji ya kuoshea vyombo. "Kemi," aliniambia huku anajifuta jasho, "radi haifukuzwi, inaonyeshwa njia. Mgeni mwenye haraka mfungulie mlango wa nyuma, hatavunja wa mbele."

Sasa nakuuliza wewe unayesoma. Mtu akizika mkaa, shaba na chumvi karibu na kaburi la baba yake, tena chumvi wakati dukani hakuna, kisha kila jioni mke wake akapamwagia maji mahali palepale, jirani afikiri nini? Kwetu, kabla padri na mchungaji hawajafika, wazee walimwaga lubisi, pombe yetu ya ndizi, chini kwa ajili ya mizimu, na si kila mtu aliyeacha. Na radi, sisi tuliambiwa tangu kunyonya, haiji yenyewe. Ina mtu anayeifuga na kuituma, hasa kwa jirani. Kwa hiyo walipomwona Baba akichimba, hawakuona mtu anayejikinga. Waliona mtu anayejenga banda la kufugia. Wengine wenye shule kidogo hawakutaka kusema habari za uchawi, wakasema waya ule unapita chini kwa chini mpaka Uganda, kupeleka siri zetu kwa adui. Lisemwalo lipo, walisema, na wale wa banda na wale wa Uganda wakakubaliana juu ya jambo moja, kwamba kilichozikwa kitoke.

Jirani wa ng'ambo ya milamula alikuwa Ta Kalumuna. Ta ni neno letu la heshima kwa mwanamume mtu mzima, na yeye alikuwa pia balozi wa nyumba kumi, yaani macho na masikio ya chama kwenye kilima chetu. Binti yake, Koku, tulikuwa tukikaa dawati moja. Siku moja baada ya misa Ta Kalumuna alikuja, akakaa kwenye benchi, na Mama akamletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama inavyopaswa. Hakuchukua hata punje. Nilimwona Mama akibaki amekishika kile kikapu mkononi, hajui akiweke wapi, kwa sababu kwetu mgeni akikataa kahawa yako amekwambia kila kitu.

"Baba Kemi," alisema, "mlingoti tunauona. Uko juu, hauna siri. Sisi tunauliza cha chini."

"Cha chini ndicho kinachonilinda mimi na ninyi."

"Kitu kizuri hakifichwi udongoni."

"Na kiazi je?" Baba akauliza.

Ta Kalumuna hakucheka. Alisema kahawa ikishavunwa kutakuwa na mkutano, na wasiotaka kuishi na wenzao watahamishiwa kijiji kipya kule kwenye rweya, ile nyika ya majani isiyootesha mgomba. "Fukua mwenyewe kabla ya mkutano," alisema akiinuka, "au mkutano utakufukua wewe." Tangu siku ile Mama hakulala vizuri. Kwake yeye, mwanamke aliyetoka Kaagya akaja kuolewa katika kibanja kile, kupelekwa kwenye rweya kulikuwa sawa na kufa huku unatembea. Migomba ile aliilea yeye. Kila mtu kilimani alijua jinsi Mama alivyotandaza nyasi, mashina ya nyasi yote yakielekea nyumbani na ncha zikielekea nje, yamelala sawasawa kama nywele zilizochanwa, hata wanawake wenzake walikuwa wakimtania kwamba migomba yake inakwenda kanisani.

Nitasema na hili, maana ndilo lililonitesa. Mama naye alimshuku Baba. Nilikuwa jikoni nachambua maharage nilipomsikia akimwambia, kwa sauti ya chini ambayo watu wazima hudhani watoto hawaisikii, "Niapie kwamba humo hamna kitu kingine." Baba alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kwa sababu aliona swali halina maana, nshomile, yaani msomi, kama walivyo nshomile wote, ambao humwona mtu asiyejua wanachokijua kama anatania. Lakini mwanamke aliyeomba kiapo akapewa kicheko, unadhani alibaki na nini? Niliutazama mgongo wa Mama akikuna sufuria na nikajua kwamba moyoni hakuridhika.

Mwisho wa kiangazi Baba alikwenda Bukoba kutafuta kifaa cha redio, akakaa huko siku kadhaa. Aliporudi, kijiji kilikuwa kimebadilika, na ni mimi peke yangu niliyeshtuka. Watoto waliokuwa wakipita mbali na kwetu walianza kukatiza uwanjani tena. Wanawake walimsalimu Mama kisimani. Ta Kalumuna akaja bila kuitwa, akakaa benchi lilelile, akatia mkono kikapuni, akatafuna kahawa yetu punje baada ya punje, huku akimuuliza Baba habari za mjini. Baba alifurahi, akasema watu hatimaye wameelewa. Mimi sikufurahi. Watu waliokasirika mwezi mzima hawapoi hivihivi bila mtu kuwamwagia maji, na kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kisha nikaiona bangili. Koku alikuja shuleni amevaa mkononi nyuzi za shaba zilizosokotwa, zinang'aa mpya, na si yeye tu, nusu ya darasa walikuwa nazo. Nilimshika mkono nikamuuliza ameitoa wapi. "Baba kasema nikivaa hii radi yenu itanijua," alinijibu bila hata haya. "Radi haimpigi mtu wa kwao." Nilizijua nyuzi zile, nilikuwa nimekaa karibu na Baba akizikunjua. Nilikimbia nyumbani, nikamkuta Mama mlangoni, nikamweleza kwamba akina Ta Kalumuna wameuiba waya wa Baba. "Shaba ni nyingi duniani," alisema. "Usimpelekee baba yako umbea wa shuleni." Nikaenda nyuma ya mlingoti mwenyewe. Waya uliokuwa ukishuka juu ya ardhi ulikuwa pale pale, ukizama udongoni kama kawaida. Nyasi zilikuwa zimelala vizuri. Na jioni ile Mama akaja na beseni lake akamwaga maji mahali palepale, kama alivyofanya jana na juzi, nikajiona mjinga.

Mvua za vuli zilipoanza, zilianza kwa hasira. Alasiri moja anga la upande wa ziwa lilikuwa jeusi, kuku wameshaingia, na Baba akaenda dirishani kwenye ile swichi kubwa ya kisu, ambayo akiishusha waya wa angani uliachana na redio ukashikana na ule wa ardhini. Alikuwa akifanya hivyo kila mvua ikija. Lakini siku ile Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni akapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake. "Baba Kemi, toka hapo! Toka hapo dirishani!" Baba aligeuka, akampungia mkono kama mtu anayemtuliza mtoto. "Usiogope," alisema, "njia ipo." Akashusha swichi.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka weupe, halafu harufu ya chuma kilichoungua, halafu Baba amelala chali juu ya nyasi za sakafuni, damu nyembamba ikimtoka masikioni. Mama alikuwa juu yake, anapiga mayowe na mimi napiga mayowe, mbuzi nje analia. Baba alifungua macho, akatutazama midomo yetu, mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza kwa sauti kubwa mno, "Mbona hamsemi?"

Wa kwanza kufika alikuwa Ta Kalumuna. Yeye na wenzake walimbeba Baba kwa machela mpaka hospitali, mvua ikiwanyeshea, na sikatai kwamba walifanya hivyo. Baba alipona kila kitu isipokuwa masikio. Mtu aliyeweza kumsikia Mjapani hakuweza tena kumsikia mkewe mezani. Mkutano wa kutuhamisha haukufanyika. Watu walisema radi imeshahukumu, nani tena ahukumu juu yake? Tukabaki kibanjani. Mlingoti ukateremshwa, na mabomba yake yakawa magoli ya uwanja wa shule, ambako nilicheza rede kwa miaka miwili nikiyapa mgongo.

Baba alipoweza kusimama bila kuyumba, alichukua jembe akaenda nyuma. Nilimfuata. Aliinama akatazama zile nyasi zilizotandazwa, akazitazama kwa muda kabla hajazigusa, kisha akachimba. Udongo ulikuwa laini na umelowa vizuri. Hapakuwa na mkaa. Hapakuwa na chumvi wala fimbo, na waya ulikuwa umekatwa kiganja kimoja tu chini ya ardhi. "Ni akina Ta Kalumuna," nilipiga kelele, nikisahau kwamba nampigia kelele kiziwi. Mama alikuwa amesimama karibu na beseni la maji ya vyombo. Yeye alisikia. Alimwaga maji pale pale aliposimama, akarudi ndani. Baba alifukia shimo, akarudisha nyasi juu yake kwa mikono, ovyo ovyo kama wanaume wanavyotandaza, na hakulizungumza jambo lile tena. Jirani yangu mmoja mtu mzima alikuwa akipenda kusema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi niliielewa hivi: nguo ni kijiji, na kunguni ni Ta Kalumuna.

Nikaishi na imani ile. Sikukaa tena na Koku. Sikuhudhuria harusi yake, na baba yake alipofariki nilikwenda msibani kwa ajili ya macho ya watu, nikakataa kahawa yao mbele ya wote. Mama yangu aliniona nikikataa, na aliinamisha kichwa. Mama huyo ambaye zamani aliichukia ile milio ya redio alimwomba Baba amfundishe herufi zake, akazijua haraka kuliko mtu yeyote. Wakawa wanaongea kwa vidole. Mama alishika kifundo cha mkono wa Baba akamgongea habari zote za siku, nani ameolewa, mgomba gani umezaa, kama kunanyesha. Mimi nilikuwa nimeshafundishwa herufi hizo na Baba, kwa kugonga kijiko kwenye kikombe, tangu mdogo, kwa hiyo nilikuwa nikiwasoma bila wao kujali.

Baba aliugua mara ya mwisho mimi nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Alikuwa amelala chumba kilekile cha mbele, mchana, watu wamejaa, na Mama ameketi kitandani ameshika mkono wake. Nilidhani anamgongea sala. Kisha vidole vyake vikaanza kwenda polepole, kama mtu anayepanda kilima na mzigo, nami nikasoma: mkaa niliutoa mimi. Akapumzika. Na chumvi. Na waya nikawapelekea, ili watuache. Baba angeweza kujibu kwa mdomo, lakini kiziwi hajui kupima sauti, na pale ndani alikuwepo Koku na wengine wengi. Akageuza kiganja akamgongea yeye. Najua. Kisha, baada ya kitambo, vidole vikiwa vimechoka: nyasi zilikuwa zimetandazwa kwa mkono wako. Mama aliinamia mkono ule akalia, na watu wakadhani analilia kifo kinachokuja.

Sijui niseme nini juu ya miaka yote niliyomnyima mtu salamu. Niseme tu kwamba nilishuku sana, na sikushuku vizuri. Siku hizi kilimani kwetu kuna mnara wa simu, mrefu mara kadhaa kupita ule wa Baba, umezungushiwa uzio na una mlinzi. Mkanda wake wa shaba unaozama ardhini umeshaibwa mara kadhaa na wauza vyuma, na wapo wanaosema mnara unafukuza mvua na kuharibu kahawa, huku wakisema hayo kwenye simu zilezile. Hakuna aliyewaita mkutanoni wenye mnara. Hakuna aliyewaambia wafukue. Wao hawaishi hapa, hawana kaburi hapa, hawana mke anayekutana na wake zetu kisimani. Kumbe tuliyemwogopa zamani ni yule tuliyemjua, na yule tusiyemjua tumempa kilima.

Nimerudi kuishi kibanjani peke yangu. Nikimaliza kula jioni naosha vyombo, nachukua beseni, naenda nyuma, namwaga maji pale karibu na kaburi la babu, ambako sasa wamelala pia Baba na Mama. Juzi Koku alikuwa ng'ambo ya milamula anakata majani ya ng'ombe wake. Amezeeka kama mimi, na ile bangili ya shaba bado anayo, imekuwa nyeusi na kubana mkononi. Aliacha kukata, akanitazama, akatazama maji yakizama.

"Kemi," aliniuliza, "miaka yote hii unamwagilia nini hapo?"

"Mgomba," nikamjibu.

Alitikisa kichwa kukubali, akaendelea na kazi yake. Hapo hapajawahi kuota mgomba, na sisi wote wawili tunajua. Nikaingia ndani, nikatoka na kikapu cha kahawa, nikampitishia juu ya milamula, na Koku akaitazama kidogo kabla ya kuchukua.